Kiyoyozi cha mashua kinapopoza vizuri lakini kikakataa kupasha joto

Kwa aliyezoea bahari ya Mombasa au Zanzibar, tatizo hili linaweza kuonekana la ajabu, kwani huko hakuna mtu mwenye haja ya kubonyeza kitufe cha joto ndani ya chombo. Hapa ninapofanyia kazi, katika Ghuba ya Chesapeake upande wa mashariki wa Marekani, kitufe hicho ndicho kinachoniita gatini kuanzia mwishoni mwa Oktoba, pale watu wanaoishi ndani ya mashua zao wanapoamka na kukuta madirisha yametoka jasho na kiyoyozi kilichowafaa majira yote ya joto kinapuliza hewa ya baridi. Mara nyingi mwenye chombo huwa amekwisha kutoa hukumu kabla sijafungua mkoba wa vifaa: gesi imekwisha. Kwa uzoefu wangu, gesi ndiyo sababu ya kutafutwa mwisho, na anayeanza nayo hulipia kazi mara mbili.

Ili uchunguzi uende sawa, ni lazima kwanza ieleweke kwamba kiyoyozi cha aina hii hakina waya wa kupasha moto kama pasi au hita ya umeme. Kikiwa upande wa baridi, gesi inayosukumwa na kompresa hubeba joto la kebini na kulitupa katika maji ya bahari, ambayo hupitishwa na pampu ndani ya koili ya aloi ya shaba na nikeli. Kikiwekwa upande wa joto, vali ya njia nne hugeuza safari ya gesi, ikaokota joto katika maji na kulitua ndani ya kebini. Hata maji ya nyuzi 10, ambayo mtu akiyatia mguu huuchomoa haraka, yana joto la kutosha kuokotwa. Basi joto lote unalolitaka linatoka baharini, na mtambo unahitaji maji ya kutosha yasiyo baridi kupita kiasi, vali iliyogeuka kikamilifu, na hewa ya kutosha ya kulipokea joto hilo. Kila dalili iliyoelezwa hapa chini inarudi kwenye kimojawapo cha vitu hivyo, au kwenye umeme unaoviendesha.

Vifaa vya kuanzia si vingi: kipimajoto kinachoaminika, ndoo ya lita 10, saa yenye mkono wa sekunde, tochi na multimita. Kabla ya kufungua kifuniko chochote chenye nyaya, zima breka ya kiyoyozi na uchomoe waya wa umeme wa gatini, kisha usiguse ncha za kapasita mpaka chaji yake iwe imetolewa, kwa sababu kapasita hubaki na umeme hata baada ya kila kitu kuzimwa.

Feni inapuliza, lakini hewa ni baridi au vuguvugu

Usiuamini mkono wako. Ngozi ya kiganja ina nyuzi zaidi ya 30, kwa hiyo hewa ya nyuzi 26 inayotoka kwa kasi huhisiwa kama ubaridi ilhali mtambo unafanya kazi yake ipasavyo. Washa kiyoyozi upande wa joto, feni ikiwa kwenye kasi ya juu, ukiache dakika 15, kisha pima hewa inayoingia kwenye chujio na hewa inayotoka kwenye tundu lililo karibu zaidi na mtambo. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 14 hivi inaonyesha kwamba mtambo ni mzima. Tofauti hiyo ikiwepo na kebini bado ina baridi, basi joto linatengenezwa ila linapotea, na kazi yako ni kuziba mianya ya vifuniko vya sitahani au kukubali kwamba mtambo ni mdogo kwa chombo hicho. Fiberiglasi tupu isiyo na kitambaa wala sponji upande wa ndani huvujisha joto kama chandarua.

Ikiwa hakuna tofauti, sikiliza kompresa. Feni peke yake hutoa mvumo mwepesi. Kompresa ikiwaka huongeza mngurumo mzito ambao huhisiwa kwenye ubao wa kitanda ulio juu yake. Kama mngurumo huo haupo, ruka mpaka sehemu ya umeme. Kama upo, toka nje na uangalie maji.

Pima joto la maji kwa kushusha kipimajoto kwa kamba hadi kina cha mdomo unaovuta maji, si juu juu, maana wakati wa baridi maji ya juu hutofautiana na ya chini. Maji yakiwa nyuzi 10 au zaidi, hayawezi kulaumiwa. Kati ya 10 na 4 nguvu ya kupasha hupungua kadiri kipimo kinavyoshuka, na chini ya nyuzi 4 mtambo mwingi wa kawaida haufai tena kutumika upande wa joto. Ndiyo maana mtambo uleule unaweza kusifiwa pwani moja na kulaaniwa pwani nyingine: katika Puget Sound, karibu na Seattle, maji hukaa karibu nyuzi 8 hata katikati ya majira ya baridi, na wakazi wa mashua huko hupasha kebini zao mwaka mzima, hapa Annapolis, Januari na Februari maji hushuka hadi nyuzi 4 au chini yake, na hakuna fundi anayeweza kurekebisha hilo. Nimewahi kuitwa kwenye mashua moja ya matanga ambayo mwenyewe alikuwa tayari ameagiza kompresa mpya. Kipimajoto kilisoma nyuzi 3. Kompresa ile aliirudisha dukani ikiwa bado ndani ya boksi lake.

Kulazimisha mtambo katika maji ya namna hiyo kuna hatari kubwa kuliko kukosa joto. Maji yanapopita kwenye koili hunyang'anywa nyuzi kadhaa, na yakiingia yakiwa karibu na kuganda, yanaweza kuganda humo ndani. Maji ya ghuba hii yamechanganyika na ya mito, hayana chumvi ya kutosha ya kuyalinda kama maji ya bahari kuu, ambayo huganda karibu na nyuzi 2 chini ya sifuri. Barafu ikipasua koili, maji ya chumvi huingia katika mabomba ya gesi, na huo ndio mwisho wa mtambo mzima.

Baada ya joto la maji, angalia wingi wake. Mkondo unaotoka ubavuni mwa chombo uwe mnene na wa mfululizo, usiokatika. Kipimo kinachotumiwa na mafundi ni takriban lita 11 kwa dakika kwa kila BTU 12,000 za mtambo, BTU ikiwa kipimo cha nguvu yake ya kupoza na kupasha. Hivyo mtambo wa BTU 16,000, ambao ni wa kawaida katika mashua ya futi 35 hadi 40, unapaswa kujaza ndoo ya lita 10 kwa muda wa sekunde 40 hivi. Ikichukua dakika nzima, tatizo umelipata. Wapo wanaosema kwamba upande wa joto maji kidogo yanatosha, kwa kuwa hakuna kitu cha kupozwa. Kinyume chake ndicho kweli: maji yakiwa machache, kila tone hunyang'anywa joto jingi zaidi, na kuganda huja mapema.

Maji yakiwa haba, funga koki ya bahari, ile inayoingiza maji chomboni, fungua chujio la maji, toa mwani na takataka, kisha kagua mpira wa kifuniko kabla ya kukifunga. Pampu ikizunguka, mpira uliopasuka huenda usivujishe maji nje. Huingiza hewa ndani, na ukimulika tochi kwenye bilauri ya chujio utaona viputo vikipanda kama soda. Pampu za mitambo hii hazijivutii maji zenyewe. Ni lazima zikae chini ya usawa wa maji, na mpira wa maji upande juu mfululizo kutoka kwenye koki hadi kwenye mtambo bila kushuka na kupanda tena, la sivyo hewa hunaswa kwenye mgongo wa mpira na pampu huzunguka bure. Ili kuitoa hewa hiyo, legeza mpira upande wa mbele wa pampu mpaka maji yatoke, kisha ukaze. Kama chombo hupata shida hii kikiwa safarini tu, kagua mdomo wa kuchotea maji chini ya chombo: unapaswa kuelekea omo, yaani mbele. Nimeukuta umeelekezwa tezi, yaani nyuma, na fundi aliyedhani kwamba hivyo utaingiza uchafu mdogo.

Katika ghuba hii kuna jambo jingine ambalo mgeni halijui. Upepo mkali wa kaskazini-magharibi ukivuma siku mbili wakati wa baridi, husukuma maji nje ya ghuba, vijito vikakauka kuliko bamvua lolote linavyoweza kuvikausha, na mashua zikakaribia kulala kwenye tope. Pampu huanza kunyonya matope, chujio likajaa kwa saa moja, na simu yangu haitulii. Siku hizo zima mtambo, subiri maji yarudi.

Maji ni mengi, yana joto la kutosha, lakini hewa inazidi kuwa baridi

Hapa mshukiwa ni vali ya njia nne. Kwanza hakikisha kwamba ipo. Mitambo mingine hutengenezwa kwa ajili ya kupoza tu, na paneli moja ya kuendeshea inaweza kutumika kwa aina zote mbili, kwa hiyo kitufe cha joto kuwepo si ushahidi. Tafuta kipande cha shaba mfano wa mcheduara mfupi kilicholazwa, chenye bomba moja upande mmoja na mabomba matatu upande wa pili, na koili ndogo ya umeme iliyobandikwa ubavuni. Kama hakuna kitu hicho, mashua hiyo haikuwahi kupasha joto, na aliyeinunua Julai kutoka kwa mtu mwingine atakuwa wa kwanza kubisha.

Kwenye mitambo mingi ya mashua, koili hiyo hupewa umeme upande wa joto tu. Koili ikiungua au waya wake ukichomoka, vali hubaki upande wa baridi, na hivyo ndivyo kiyoyozi kinavyoweza kuungua Mei na kuficha siri yake hadi Novemba. Wapo watengenezaji wachache wanaofanya kinyume, hivyo angalia mchoro wa nyaya uliobandikwa ndani ya kifuniko.

Jaribio la kwanza ni la sikio. Kompresa ikiwa inafanya kazi, badili kutoka upande wa baridi kwenda wa joto. Vali nzima hutoa sauti ya "tss" ya gesi ikihama, na bomba linaloelekea kebini hupata moto baada ya dakika chache. Kukiwa kimya, ikaribie koili kwa ncha ya bisibisi ya chuma wakati paneli inaomba joto. Koili yenye umeme huvuta chuma, mvuto ambao mkono huuhisi waziwazi. Ukihisi mvuto na vali haigeuki, kilichokwama ni kile kisukumizi cha ndani. Usipohisi chochote, anayejua kupima nyaya zenye umeme apime volti kwenye ncha za koili: zikiwepo, koili imekufa na inaweza kubadilishwa yenyewe bila kugusa gesi, zisipokuwepo, kosa liko kwenye waya au paneli. Usiichomoe koili kutoka kwenye kikonyo chake ikiwa na umeme, kwa maana bila chuma kile katikati huungua kwa muda mfupi, na wengi wameua koili nzima wakiwa katika kuijaribu.

Kisukumizi kilichokwama mara nyingi huitika kwa kugongwa taratibu. Weka mtambo upande wa joto, kompresa ikinguruma, ugonge mwili wa vali kwa nyundo ya mpira au mpini wa mbao wa bisibisi, kwa nguvu ya mtu anayebisha hodi. Kompresa ni lazima iwe inafanya kazi, kwa sababu koili hufungua njia ndogo tu. Kinachosukuma kisukumizi ni tofauti ya shinikizo la gesi yenyewe. Ikigeuka, ibadilishe baridi na joto mara nne au tano ili ijilainishe, halafu iwe desturi kuuwasha upande wa joto dakika chache kila mwezi, hata kukiwa na jua kali.

Hali ngumu kuitambua ni ya vali iliyokwama katikati. Kompresa inachoka, hewa si baridi wala si moto. Hapo gusa mabomba kwa uangalifu: lile la peke yake ni la moto daima, kwani linatoka kwenye kompresa; katika yale matatu, la katikati linarudi kwenye kompresa na huwa la baridi, na mawili ya pembeni hubadilishana kufuatana na upande uliochaguliwa. Ukikuta yote manne yanakaribiana joto, gesi inakatiza ndani ya vali bila kufika kokote. Vali hiyo ni ya kukatwa na kuchomelewa mpya, kazi ya fundi wa friji.

Sasa ndipo tuizungumze gesi. Mtambo uliokamilika kiwandani hauna sababu ya kupungukiwa gesi isipokuwa kuna tundu, na tundu huacha alama: gesi hutoka pamoja na mafuta ya kompresa, hivyo doa lenye unyevu na vumbi lililogandana karibu na kiungo ni ushahidi kuliko maneno ya mtu. Gesi ikiwa pungufu, mtambo hudhoofika pande zote mbili, baridi na joto. Kama mwezi Agosti kebini ilikuwa inapoa kama kawaida, na tangu hapo hakuna kilichoguswa, rudi kwenye maji na vali. Ikithibitika kwamba gesi imevuja, tundu lizibwe kwanza, mabomba yavutwe hewa, kisha gesi itiwe kwa mizani kwa uzito ulioandikwa kwenye kibao. Kuongeza kwa kukadiria wakati mtambo uko upande wa joto ni kuukaribisha msiba. Nchini Marekani kazi hiyo inaruhusiwa kwa mwenye cheti cha Kifungu cha 608 cha Sheria ya Hewa Safi pekee.

Kinapasha kwa muda mfupi, kinakata, kinaanza tena

Dalili hii huwapotosha hata mafundi, kwa sababu majira ya joto, mtambo ukiwa upande wa baridi, kukata kwa shinikizo kubwa humaanisha maji hayatoshi, na wao hukimbilia pampu. Upande wa joto mambo yamegeuka: koili ya kebini ndiyo inayotua joto, kwa hiyo shinikizo hupanda pale hewa isipopita vya kutosha juu yake. Baadhi ya paneli hazionyeshi kosa la shinikizo mtambo ukiwa upande wa joto. Kompresa hukata kimyakimya, feni ikaendelea.

Toa chujio la hewa ulioshe. Ondoa magodoro, majaketi ya kuokolea na mifuko ya matanga iliyosukumwa mbele ya tundu la kuvuta hewa, kwani katika mashua kila nafasi hugeuka stoo. Fuata bomba la hewa kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho, utafute mahali lilipobonyezwa na sanduku au kukunjwa kwenye kona. Feni iwe kwenye kasi ya juu. Wanaoiweka chini ili walale kwa utulivu ndio hukatiwa saa nane za usiku.

Hewa ikiwa huru na bado kinakata, pima tena maji. Yakizidi nyuzi 13 hivi, koili ya bahari huokota joto jingi kuliko kebini inavyoweza kulipokea, na mtambo hukata na kurudi. Huo si ugonjwa. Ni Oktoba tu.

Sababu moja ndogo: kihisi cha joto kilichofungwa kwenye njia ya hewa inayotoka, badala ya ile inayoingia, huamini kwamba kebini imeshapata joto ndani ya dakika mbili. Kihamishe.

Kompresa haiwaki

Subiri dakika tatu kwanza. Paneli nyingi huchelewesha kompresa makusudi ili shinikizo lisawazike, na asiyejua hubonyeza tena na tena, akiianzisha hesabu upya kila mara.

Baadaye pima volti kwenye mtambo wakati kompresa inajaribu kuwaka, si kabla. Usiku wa baridi gati zima huwasha hita, umeme hushuka, na mtambo wa volti 115 unaopata chini ya 104 utanguruma kidogo, ukatike. Mngurumo wa sekunde chache unaofuatwa na "tak" waweza pia kuwa kapasita iliyochoka, hasa ikiwa imevimba kichwani. Plagi ya gatini iliyogeuka rangi ya kahawia ibadilishwe siku hiyohiyo, kwa sababu inafanya kazi ya hita mahali pasipotakiwa.

Hesabu mzigo pia. Waya wa ampea 30 kwa volti 120 unabeba wati 3,600. Hita ndogo ya wati 1,500 inachukua ampea 12.5, birika la maji moto la chombo kiasi hichohicho, na kiyoyozi cha BTU 16,000 kiasi kisichopishana sana na hicho. Viwili vinakaa pamoja; cha tatu kitaangusha breka.

Maji yakishuka chini ya nyuzi 4

Kizime kiyoyozi, funga koki ya bahari, toa maji yote kwenye pampu, chujio na koili, halafu pitisha dawa ya kuzuia kuganda isiyo na sumu, ile ya waridi ya propileni glaikoli, mpaka itoke ubavuni ikiwa na rangi kamili. Kwa joto la kebini tumia hita ya umeme au ya dizeli yenye bomba linalotoa moshi nje. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya chombo kilichofungwa hata kwa nusu saa. Moshi wake hauna haja ya kuonekana ili uue. Funga kadi kwenye breka yenye maneno "koki imefungwa", kwa sababu Aprili utakuwa umesahau, na pampu inayozunguka kavu huharibika ungali unatafuta funguo.